Nane Nyekundu Sakafuni mwa Duka

Baba,

Shikamoo. Najua barua haifiki huko uliko, na ungekuwepo ungeniuliza kwa nini naharibu karatasi wakati mdomo ninao. Tatizo ni kwamba mdomo nilikuwa nao miaka yote, na haukusema. Nilikukosea mbele ya watu, kwa hiyo naona si haki nikuombe radhi kwa kujificha. Atakayeisoma barua hii, aisome.

Nianze na tundu. Siku ulipoezeka duka letu la mtaa wa Kashaulili, hapa Mpanda, msumari mmoja ulikosa mbao ukatoboa bati bure. Ukauchomoa, ukaliacha tundu hivyo hivyo, na jua likapata njia ya kuingia. Mama alitaka uzibe. Kila masika alitega ndoo chini yake huku akinung'unika kwamba ameolewa na fundi anayetengeneza baiskeli za mji mzima, ila kiraka kimoja cha bati kinamshinda. Wewe ulikuwa unamjibu, "Mama Hadija, hiyo ni saa yangu. Niachie."

Kila redio ilipoanza taarifa ya habari ya saa saba mchana, uliacha kila kitu. Mteja angeweza kuwa amesimama na mnyororo mkononi, asubiri. Ulichukua kile kibrashi cha rangi nyekundu ya kupakia fremu, ukachuchumaa, ukaweka nukta pale kidoa cha mwanga kilipotua sakafuni. Nukta moja kwa siku. Siku ya mawingu hakuna nukta, na Ijumaa hakuna nukta kwa sababu saa hiyo ulikuwa msikitini. Nilikuuliza za nini, ukasema, "Nataka kujua linapoenda." Nilikuwa mdogo na jibu hilo lilinitosha.

Mwaka ulipotimia ukaacha kuweka nukta, maana zilikuwa zimechora nane. Nane ndefu, nyembamba, kutoka kaunta mpaka karibu na mlango, tumbo moja dogo na jingine kubwa. Mzee Bukuru, mteja wako wa Mishamo aliyekuwa analeta mihogo kwa baiskeli, aliinama akaitazama weee, kisha akasema, "Eh, fundi! Kumbe na jua nalo ringi yake imepinda ikawa nane? Likaze spoki!" Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye tairi. Hukuwahi kujivunia kitu kama ulivyojivunia ile nane, Baba. Watu walikuja kuiona hata wasio na baiskeli.

Halafu nikaja mimi, likizo ya kidato cha tano, kichwa kimejaa fizikia na majivuno kuliko fizikia yenyewe. Duka lilikuwa na watu. Ulikuwa unamwonyesha mgeni mmoja nukta zako, na mimi nikadakia bila hata kuulizwa. "Baba, hiyo nane ni saa yako mbovu, au mkono wako. Dunia inalizunguka jua kwa duara, mwalimu ametuchorea. Duara haliwezi kutoa nane."

Ulinitazama, ukatazama sakafu, ukasema, "Wewe ndiye uliyesoma, mwanangu." Kesho yake nilikuta tundu limezibwa kwa lami, na ile rafu ya matairi imesogezwa juu ya nukta. Nilidhani nimeshinda. Nilikula ugali wangu siku ile kwa raha zote, Mungu anisamehe.

Sasa sikiliza kilichonipata chuoni. Nilifungua kitabu maktabani, nikakutana na picha ya jua lililopigwa mahali pamoja, saa ile ile, mwaka mzima. Ilikuwa nane. Ile ile, Baba, na tumbo lake dogo na tumbo lake kubwa. Nilifunga kitabu nikatoka nje nikasimama kwenye ukuta kama mtu aliyepigwa kofi.

Jua lilikuwa linakuambia ukweli. Dunia imeinama kidogo, ndiyo maana kidoa kilitembea kutoka kaunta mpaka mlangoni na kurudi, na njia yake si duara kamili. Ikilikaribia jua inaenda mbio, ikiwa mbali inapunguza mwendo, basi saa ya ukutani inaposema saa saba, wakati mwingine jua limeshapita utosini, wakati mwingine bado, na kidoa kinasogea pembeni huku na huku. Na kinachoivuta dunia hivyo ni nguvu ile ile iliyokuwa inaangusha spana yako kidoleni ukapiga kelele mpaka mtaa wa Majengo wakasikia. Mwingereza mmoja wa zamani ndiye aliyeonyesha kwamba ya juu na ya chini yanavutwa na kitu kimoja.

Lakini wanaonisumbua ni wawili waliomtangulia. Siku hizi nafundisha fizikia, na kila mwaka nikifika mada hii darasani sauti yangu inabadilika, na wanafunzi wamenizoea. Wa kwanza alikuwa mtu wa Denmark. Kabla ya darubini, kwa macho yake tu, alikaa miaka mingi akiandika sayari ziko wapi, siku baada ya siku. Huyo ni wewe, Baba, amekosa rangi ya fremu tu. Wa pili alikuwa Mjerumani, aliyezirithi kumbukumbu hizo. Akatafuta duara la kuzitosha. Akapata moja linalokaribia kabisa, limepishana kidogo mno, kiasi ambacho mtu mwingine angesema yule mzee aliteleza mkono. Yeye hakusema hivyo. Aliziamini alama za mwenzake, duara akalitupa. Ndipo tukajua njia za sayari ni duara lililobonyezwa.

Mimi nilipewa alama na duara, nikachagua duara. Na mwenye alama alikuwa baba yangu.

Nilikupigia simu wiki ile ile. Uliniuliza nimekula, nikasema nimekula. Ukasema Mama hajambo, mvua zimechelewa, nikaitikia. Nikajiambia jambo hili ni la uso kwa uso. Likizo ikaja, nikakuta wageni. Ikaja nyingine, unaumwa mgongo. Nikaajiriwa ualimu hapa hapa Mpanda, nikawa nakuona kila Jumapili, na nane ikabaki chini ya rafu kati yetu. Mwaka juzi tukakuzika.

Baada ya arobaini ndipo Mama aliponiambia. Nilikuwa nimeamini miaka yote kwamba uliziba tundu kwa hasira. Alishangaa. "Hasira gani? Alisema Hadija ataleta walimu wake siku moja, wakikuta mambo ya mtu ambaye hakusoma watamcheka mtoto. Akapanda juu mwenyewe akaziba." Nililia, Baba. Heri ungekuwa umekasirika.

Wiki hii Shabani anataka kuweka vigae dukani. Mdogo wangu ana haki, duka ni lake sasa na sakafu imechakaa. Nilimwomba siku moja tu. Jana, mwezi huu wa tisa usio na wingu, tuliisogeza rafu. Nukta zako zipo, nyekundu kama jana, vumbi limezitunza. Nikapanda ngazi na msumari mwembamba, nikaisukuma lami kutoka ndani mpaka ikadondoka. Kidoa kikashuka sakafuni, kidogo kama shilingi. Shabani akawasha redio.

Taarifa ya habari ilipoanza nilikuwa nimechuchumaa ulipokuwa unachuchumaa wewe. Mwanga ulitua kwenye mstari wako wa nukta, barabara. Ila ulitua kati ya nukta mbili, pasipo na kitu. Shabani akasema, "Dada, kumbe imekosea?" Nikahesabu kurudi nyuma, nukta sita, pengo, nukta sita, pengo, nikaelewa. Haikukosea. Mwaka ule, tarehe hii ilikuwa Ijumaa. Ulikuwa msikitini.

Nikaomba kibrashi. Shabani alinitazama, akaenda nje kumpigia simu fundi wa vigae, nikamsikia anamwambia asije.

Nimekuwekea nukta yako, Baba. Imekaa sawasawa.

Nisamehe. Pumzika kwa amani, na ukisikia redio ya saa saba, jua kwamba kuna mtu amechuchumaa.

Binti yako mkubwa,
Hadija