Sinki la Kauri na Macho ya Mama Mkwe

Shangazi Ester, shikamoo. Jina langu liache kapuni na mtaa usiutaje, sema tu niko Morogoro, maana hapa kwetu gazeti moja linasomwa na nyumba sita.

Nakuandikia kuhusu sinki. Najua wenzangu wanakuandikia kuhusu waume walevi na nyumba ndogo, mimi naleta sinki la jikoni, lakini soma hadi mwisho ndipo unicheke.

Nimeolewa miaka kumi na moja, mume wangu nimwite Thobias, ni fundi mitambo kiwandani huko Mzinga, tuna watoto wawili. Miaka tisa tumepanga, choo cha kupokezana, vyombo naoshea uani kwenye beseni nimechuchumaa, mgongo unaniuma mpaka nalala kifudifudi, nikawa naapa kwamba siku nikiwa na nyumba yangu nitaosha vyombo nimesimama kama binadamu. Tukajenga. Ilipofika zamu ya jiko fundi wetu Geofrey akaniambia, "Mama, kwa mapishi yenu haya chukua stenlesi, shimo moja pana, liende chini, masufuria yako yaingie." Thobias naye akasema hivyo hivyo. Mimi nikakataa, maana nilishaona mjini dukani kwa Bharat sinki jeupe la kauri, mashimo mawili, linang'aa hilo, na jirani yangu Magreth ana la stenlesi lililochubuka, bomba likivuja linalia ti ti ti unalisikia mpaka sebuleni, nikasema siwezi kujinyima miaka yote hiyo halafu niwekewe bati. Tena mashimo mawili nikaona ndiyo akili, moja la kuosha moja la kusuuza, na maji yetu haya ya kukatikakatika unayajaza yote mawili unakaa na maji yako. Nikanuna wiki nzima. Thobias akanunua, akasimama mlangoni mwa jiko akasema, "Haya, umeshinda. Siku likipasuka usinililie."

Shangazi, lile sinki halikunifaa hata siku moja. Mashimo ni madogo, vikombe na sahani sawa, ila sufuria la ugali halikai, linasimama upande, nusu shimoni nusu hewani, ukifungua bomba maji yanagonga ukingo yanakurukia kifuani. Nikawa narudi uani na beseni langu lile lile mume akiwa kazini, na akirudi anakuta sinki kavu, jeupe, anasema, "Kumbe unaweza kutunza kitu." Nitamwambia nini sasa?

Mwezi uliopita mama yake akashuka kutoka Mgeta. Ana mtoto wa jicho, la kulia limeshafunga kabisa, la kushoto anaona ukungu tu. Kuna madaktari wa macho wanakuja hospitali ya hapa kwa siku chache, akaandikiwa upasuaji Alhamisi ya tarehe kumi na nane mwezi huu, ukikosa hapo ni mpaka mwakani. Akaja mapema akae kwetu. Sasa mama yule hawezi kukaa bure, vyombo anaosha hata kwa kupapasa, na sabuni ya unga haiamini, amekuja na majivu yake kwenye kopo la maziwa, anasugua sufuria kwa majivu na kipande cha gunia mpaka unajiona uso. Na anaoshea humo humo kwenye sinki, majivu kwenye kauri yangu! Nilimwambia kwa heshima mara mbili, tatu, akacheka, "Majivu hayajawahi kuua mtu, mwanangu."

Jumamosi moja jumuiya ilisali kwetu, nikapika makande sufuria kubwa. Watu wakaondoka, mama akaenda kujinyoosha, Thobias kawasindikiza wageni. Nikalijaza lile sufuria maji lilowane, na kwa kuwa nilikuwa na kitenge kipya sikutaka kwenda kuchuchumaa uani, nikalipandisha juu ya ule ukingo wa katikati unaogawa mashimo. Likateleza. Nikasikia kah! Ufa umetoka kwenye ukingo mpaka kwenye tundu la kutolea maji. Nikakausha pale haraka haraka nikaziba kwa dawa ya meno, nyeupe kwa nyeupe, nikasema Jumatatu nitamwita Geofrey kimya kimya.

Jumapili mama alisali misa ya kwanza, sisi ya pili. Tunarudi, tayari yuko jikoni anaosha vyombo. Thobias kaingia kunywa maji akakanyaga dimbwi, kabati la chini limelowa lote, dawa ya meno imeshaondoka na mama amesimama na majivu kiganjani. Sijawahi kumsikia mume wangu akimpigia mama yake kelele. Siku hiyo nilisikia. "Mama, si nimekwambia haya majivu uache! Hapa sio kule mlimani!" Mimi nimesimama mlangoni, viatu vya kanisani mkononi. Nikanyamaza.

Mama akapapasa sinki kwa vidole, akaukuta ufa, akaufuata mpaka ulipoishia. Akasema, "Nisameheni wanangu. Sikuona. Macho haya." Yaani aliamini, Shangazi! Na mimi, Mungu anisamehe, nikamjibu, "Basi mama, ni bahati mbaya." Nikamsamehe kosa langu mwenyewe.

Kesho yake akaomba apelekwe kwenye lori la Amosi, jirani yao anayeshusha mboga za kupeleka Dar, akarudi zake. Thobias hakumzuia. Juzi huyo Amosi kapita kwetu, kateremsha kiroba cha njegere na karoti, anasema mama kasema ni za sinki, na kwamba Alhamisi hashuki, mtu wa kuharibu nyumba za watu akae kwake.

Thobias sasa hasira zimeshuka, anataka kununua lingine na anasema nichague tena mimi. Ndiyo maana naomba ushauri: nichukue stenlesi, au kauri nene zaidi, au lile la terazo, la saruji na vijiwe, ambalo Geofrey anamwaga mwenyewe, na liwe shimo moja au mawili? Na je, kuna haja ya kumwambia mume wangu ukweli, wakati mambo yameshapoa na mama mwenyewe hajanilaumu? Nisaidie, sina raha.

Mwosha Vyombo, Morogoro

*

Marahaba. Sikucheka.

Umeniuliza kuhusu sinki, umeniuliza kuhusu mumeo. Kuhusu macho ya yule mama hukuniuliza kitu. Nimerudia barua yako mara mbili nikidhani nimeruka mstari.

Nianze na sinki, hilo ni jepesi. Chukua stenlesi. Geofrey alikwambia, mumeo alikwambia, na mimi ni wa tatu. Kauri hata iwe nene vipi haipendi kuangukiwa na sufuria la jumuiya, na wewe ni mtu wa masufuria, sio wa vikombe vya chai. La terazo ni imara, ila ni zito, linanyonya madoa ya mchicha na manjano, na likimwagwa na fundi mwenye haraka linavuja kwenye maungio. Kwako, stenlesi. Lakini usibebe tu kwa sababu linang'aa, ndiyo ugonjwa wako huo. Bonyeza chini kwa dole gumba, likibonyea liache hapo hapo dukani. Likichubuka kwa majivu, lichubuke, mchubuko hauvujishi maji.

Shimo liwe moja, pana na lenye kina, pembeni liwe na ubao wake wa kuchuruzia vyombo. Mashimo mawili yana faida zake, sikatai, ila kwenye nafasi ya kabati lako hayo mawili yatakuwa madogo tena, na utarudi kule kule. Kusuuza utaweka beseni ndani ya shimo au pembeni. Maji yakikatika, ndoo zipo. Kabla ya kwenda dukani mwambie Geofrey apime tundu lililokatwa kwenye meza ya jiko, na ubebe sufuria lako kubwa kuliko yote, lile lile, uliingize kwenye sinki mbele ya muuzaji. Wakikucheka, wacheke. Wewe ndiye utakayeosha.

Sinki limekwisha. Sasa kaa chini.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofundishwa. Wewe hukusikia, ukavunja sinki, na guu ukamvunjia mwenzio. Kupasua sio dhambi, mama, sufuria huteleza. Hata dawa ya meno nakusamehe, nimewahi kuona makubwa zaidi. Nisichoweza kukumezea ni pale mlangoni. Mtu mzima, asiyeona, anaomba radhi kwa kitu ambacho wewe unajua nani amekifanya, nawe unamwambia "bahati mbaya." Loo! Ulipata wapi ulimi?

Na mumeo simwachi. Fundi mitambo mzima, kazi yake ni kuangalia kitu kimevunjika kwa nini, halafu anaamini majivu yanapasua kauri? Majivu yanafifisha weupe, basi. Ufa ule ulitaka kitu kizito, na angeinama dakika moja angejua. Hakuinama kwa sababu hasira yake ilikuwa juu yako, tangu ile wiki uliyonuna, akaimwaga kwa mtu ambaye hawezi kumjibu. Mmemgeuza mama wa watu jalala lenu, mnatupia humo mambo yenu ya ndani.

Unasema mambo yamepoa. Yamepoa kwenu. Kule juu kuna mwanamke anayekataa kutibiwa kwa aibu ya kosa asilolifanya, na jicho lililobaki linaona ukungu. Mwakani huo ukungu utakuwa nini? Anapita kwenye vile vijia vya mteremko kwa kupapasa, anachuma njegere kwa kupapasa, anajaza kiroba, analipa. Hukuniambia zile njegere mmezifanya nini. Naogopa mmezila.

Kwa hiyo jibu la swali lako la mwisho ni ndiyo, umwambie. Barua yako nimeipata Ijumaa, gazeti linatoka leo Jumatatu, na tarehe kumi na nane ni Alhamisi ya wiki hii hii. Huna muda wa kutafuta maneno mazuri. Mwambie leo akitoka kazini, kabla hajala, maana akishakula utasema aache apumzike, na kesho utasema ana haraka. Akifoka, afoke. Akisema "nilikwambia," alikwambia kweli, meza. Usimkumbushe kwamba naye alipiga kelele mpaka amalize kufoka. Akishamaliza, mkumbushe.

Kesho Jumanne aombe ruhusa kazini, mpande Mgeta wote wawili. Usimtume peke yake na salamu, na usipande peke yako ukamwacha, maana aliyemfokea mama yake ni yeye. Mkifika, piga magoti, mwamkie, na useme mbele ya watu waliopo, hata kama jirani ameingia kuomba chumvi. Amosi alibeba kiroba, kwa hiyo habari ya sinki wameshaisikia wote wanaolima kabichi kwenye mteremko ule. Ulimnyamazia mbele ya mtu mmoja, utamsafisha mbele ya wengi, ndiyo riba ya uongo hiyo.

Usimwambie habari ya mashimo mawili, wala kitenge, wala mgongo wako. Mgongo nimekuonea huruma mimi, inatosha. Sema hivi: "Mama, sinki nililipasua mimi Jumamosi. Wewe hukufanya kitu. Jumapili nilikuwepo, nilijua, nikanyamaza." Hapo kwenye kunyamaza ndipo utataka kuruka. Usiruke.

Anaweza akakusamehe palepale, wazee wetu wana mioyo mikubwa kuliko tunavyostahili. Anaweza pia asikusamehe, wala usimlilie ili akuonee huruma, hiyo itakuwa ni kumwibia mara ya pili. Atakachosema ni chake. Chako ni kwamba Jumatano ameshuka, na Alhamisi asubuhi umemshika mkono mpaka kwenye kitanda cha daktari, hata kama njia nzima hakusemeshi.

Shangazi Ester