Sanduku la Maji Moto na Mlango Uliovunjwa na Baba Mkwe

Barua hii ilinifikia mvua za masika zilipoanza. Sikungoja zamu yake gazetini, nilimjibu mwandishi kwa posta siku hiyo hiyo, na mkiisoma mtaelewa kwa nini. Sasa yeye na mumewe wameniruhusu niichapishe na majina yao yakiwemo. Wao wenyewe ndio walioomba majina yasifichwe.

*Gesima, Kisii*

Kwako mshauri wetu, pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Tangu nilipoolewa nimekuwa nikisoma unavyowajibu wengine na sikudhani siku moja nitakuwa mimi, lakini sasa jambo limenifika shingoni, na hapa nyumbani hakuna ninayeweza kumweleza bila kumwaibisha mwingine, kwa hiyo nakusihi unisikilize mpaka mwisho.

Mimi ni Drusilla, mke wa Jethro, tuna mtoto mmoja wa kike, Nyangate, na tunakaa katika boma la baba mkwe wangu, Mzee Ratemo, na mama mkwe wangu, Gesare. Tuna chai na migomba, na Jethro ni karani mjini Kisii, huja Ijumaa kabla Sabato haijaingia na kurudi kazini Jumapili. Mwaka jana Mzungu mmoja alikuwa anahama Sotik na kuuza vitu vyake, Jethro akaenda huko na kurudi na sanduku la chuma jeupe ambalo linatundikwa ukutani bafuni, halina tangi lake, maji yanapita ndani yake kwenye bomba jembamba na chini kuna moto wa gesi, basi yanatoka yakiwa ya moto papo hapo, na ukifunga mfereji moto unazimika karibu wote unabaki kidogo kama wa mshumaa. Alijenga jukwaa la miti nyuma ya nyumba akaweka tangi la maji ya mvua juu yake, na mtungi wa gesi akaununua Kisii dukani kwa Mohamednoor.

Sitakudanganya, mshauri, nilikifurahia kitu hicho, kwa sababu huku asubuhi maji ya kuoga yanauma kama upupu, na akina mama wa kanisa walikuwa wakitoka ibadani wanakuja kufungua mfereji na kutia mkono na kucheka. Kilikuwa na taabu zake pia, maana mtu akichota maji jikoni bafuni yanageuka baridi ghafla, na gesi ina tabia ya kuisha ukiwa na sabuni machoni, lakini hayo tuliyazoea. Mama mkwe peke yake alikataa kuoga humo, alisema hajaona maji yanayopata moto bila sufuria, na sisi tukamcheka.

Jambo ambalo hatukulipa uzito ni kwamba kule kwa Mzungu sanduku hilo lilikuwa na bomba la moshi lililopenya ukuta kwenda nje, na bomba hilo lilibaki ukutani kule kule, halikutoka. Jethro alisema moshi wenyewe hauonekani kwa hiyo bomba si kitu. Kisha baridi ya mwezi wa saba ilipokuja, na nyigu wakawa wanaingia kwa tundu la juu la bafuni, akaliziba kwa saruji, na mlango akauwekea mpira chini. Tangu hapo nikawa nikioga natoka na kichwa kinachonigonga, na ukuta juu ya sanduku ukaanza kuwa na masizi, na moto ambao mwanzo ulikuwa wa buluu ukawa wa manjano. Nilimwambia Jethro habari ya kichwa, akasema ni mvuke, nioge upesi.

Ijumaa moja mchana mvua ilikuwa kubwa, nikamwacha Nyangate kwa bibi yake nikaingia kuoga mapema ili nijitayarishe kwa Sabato, nikafunga komeo. Nakumbuka nimeosha kichwa. Nakumbuka miguu ikawa si yangu. Mengine nimesimuliwa na Gesare. Alikuja kwangu kuomba chumvi akasikia maji yanamwagika tu, akaita, akagonga, hakuna jibu, akasukuma mlango akashindwa. Jethro alikuwa hajafika na majirani wote walikuwa wamejificha mvua, mwanamume wa karibu alikuwa mmoja tu, Mzee Ratemo, aliyekuwa akipasua kuni chini ya upenu wake. Gesare akamwita aje na shoka.

Sijui kama wewe unajua desturi ya Wagusii tunayoiita chinsoni. Baba mkwe na mke wa mwanawe wana heshima kati yao kama ukuta. Hanipi mkono, haingii nyumbani kwangu, mimi sipiti nyuma yake akiwa anaoga mtoni, wala hatusemi neno lolote la mwili mbele ya mwenzake. Mzee alifika mlangoni akasimama na shoka mkononi akasema, "Hapa siwezi kuingia. Huyu ni mke wa mwanangu."

Gesare akamwambia, "Na akifa humo ndani, hiyo heshima utampelekea wapi? Vunja."

Akavunja. Alinikuta chini, nikiwa kama nilivyozaliwa, maji yakinimwagikia. Gesare anasema mzee alifumba macho, akavua koti lake akalitupa juu yangu, kisha akanishika makwapani akaniburuta mpaka nje kwenye nyasi, mvuani, na hapo ndipo nilipotapika nikarudiwa na fahamu. Nilipofungua macho nilimwona mgongo wake tu, anaondoka.

Tangu siku ile mzee amehamia kibanda chake cha shambani kule mtoni. Alikuwa akila chakula nilichopika kila jioni katika nyumba ya mama, sasa hakigusi, Gesare anampikia mbali. Mzee wa ukoo, Obwocha, alikuja kusema mimi na baba mkwe tumevuka mpaka na ni lazima mbuzi achinjwe tutakaswe. Jethro ni shemasi wa kanisa letu la Waadventista na amekataa kabisa, anasema hayo ni mambo ya giza. Na kuhusu mimi aliwaambia waumini niliteleza kwenye sabuni, mama akaniinua. Hakumtaja baba yake. Basi sasa watu wanaona mzee amehama boma lake mwenyewe na hakuna anayesema sababu, na wameanza kutafuta sababu yao, na nimesikia sokoni wanavyoniunganisha na yeye. Mzee wa heshima kama yule.

Sanduku bado liko ukutani. Jethro alirudisha mlango, na kila Ijumaa anaoga humo, naye anasema nilianguka kwa sababu ya kufunga kula na wasiwasi wa wanawake. Mimi nimerudi kwenye sufuria. Juzi alimwogesha Nyangate humo, na mtoto akalala kabla ya chakula akisema kichwa, nami nikanyamaza.

Nifanye nini, mshauri? Nikikataa sanduku namwaibisha mume wangu mbele ya watu wote walioliona. Nikikubali mbuzi nalikosea kanisa, nikikataa baba mkwe anazeeka peke yake mtoni. Na nitamshukuruje mtu ambaye hata mkono siruhusiwi kumpa?

Ni mimi,
Drusilla

*Mshauri anajibu*

Drusilla, weka karatasi hii chini, nenda kafunge mtungi wa gesi, kisha urudi umalizie kusoma.

Umefunga? Sasa tuzungumze.

Wewe hukuanguka kwa wasiwasi, wala kwa sabuni, wala kwa kuvuka mpaka wa mtu. Mama yako alikukataza kulala na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, sivyo? Kila mtu huko kwenu anajua habari ya familia iliyolala na jiko wakati wa baridi na haikuamka. Moto wa gesi ni moto vile vile. Nimemwuliza fundi anayefunga mashine hizi hapa Nairobi, nikamsomea maneno yako, naye hakuningoja nimalize. Moto unakula hewa ya chumba na kutoa hewa mbaya isiyo na rangi wala harufu. Bomba la moshi liliwekwa kuitoa. Kichwa kuuma, masizi ukutani, moto wa buluu kugeuka manjano, hizo zote zilikuwa zinakuambia. Mlibakiwa na tundu moja la kupumulia, mume wako akaliziba kwa sababu ya nyigu.

Nakupa pole kwa yaliyokupata, na sasa nakukaripia. Kwako mwenyewe ulinyamaza, hilo naweza kulisamehe. Kwa mtoto ulinyamaza kwa sababu gani? Ati mume ataona haya mbele ya akina mama waliokuja kutia mkono kwenye mfereji? Akina mama hao hao ndio wangekuja kuwapikia wafiwa. Nyangate haingii tena humo, na wewe ndiye wa kusema hivyo, kwa sauti ya kawaida, mara moja. Jethro asipokubali, funga mtungi, uuchomoe kwenye mpira wake wa gesi, uupeleke nyumbani kwa Gesare. Mama huyo sina wasiwasi naye. Jethro akitaka mtungi aende akaudai kwa mama yake.

Jethro, najua utaisoma barua hii, kwa hiyo na wewe sikia. Hukufanya kosa kutaka mke wako aoge maji ya moto, laiti waume wengi wangetaka hivyo. Sanduku halina haja ya kutupwa. Litoe bafuni ulitundike ukuta wa nje, chini ya upenu, lijengee kibanda cha mabati cha kulikinga upepo na mvua kilicho wazi chini na juu, na kitakachoingia bafuni kiwe bomba la maji peke yake. Saruji ile ivunje. Mwite fundi anayejua gesi aangalie kazi yako kabla mtu hajaoga. Hayo ni ya mikono. La mdomo ni gumu zaidi. Umesema uongo kanisani, na uongo huo umemwacha baba yako amesimama peke yake mbele ya umbeya wa soko. Aliokoa mke wako na wewe ukamfuta kwenye habari. Simama siku ya Sabato useme yaliyotokea: sanduku ni langu, tundu niliziba mimi, mke wangu alikuwa anakufa, baba yangu alivunja mlango. Watu wakijua sababu ya mzee kuhama, hawatahitaji kutunga nyingine.

Sasa mbuzi. Mimi si Mgusii, na sitajifanya najua desturi yenu kuliko Obwocha. Lakini nimesoma ulivyosimulia, Drusilla, na naona mzee aliyefumba macho, akakufunika, akaondoka bila kugeuka. Huyo hakuvunja heshima. Aliibeba mpaka mahali ambapo wengi wangeiangusha. Hata hivyo mzigo uko kifuani mwake, na si kazi yangu wala ya Jethro kumwambia ni mwepesi. Umtume Gesare akamwulize mzee mwenyewe: anahitaji nini ili arudi? Asipotaka mbuzi, msimchinjie. Akitaka, achinjwe, aliwe na watu wote mchana kweupe, na Jethro amwendee mchungaji mapema amweleze kwamba ni chakula cha kumshukuru Mungu kwa uhai na kumrudisha baba nyumbani, amwombe aje aombe. Mchungaji mwenye busara atakuja. Asipokuja, amri ya kumheshimu baba na mama bado iko palepale ilipoandikwa.

Umeniuliza utamshukuruje. Hahitaji mkono wako, wala macho yako. Pika. Peleka chakula mpaka mlango wa mama mkwe, kila jioni, hata kama kinarudi. Na useme shukrani yako kwa Gesare, mzee akiwa mahali anapoweza kusikia.

*Kutoka Gesima tena*

Wiki kadhaa baadaye nilipata barua nyingine ya Drusilla, fupi kuliko ya kwanza. Nainukuu.

"Jethro alikasirika alipokuta mtungi uko kwa mama yake, akaenda kuudai, na huko alikaa muda mrefu. Sijui mama alimwambia nini. Jumapili hakurudi Kisii, alivunja saruji. Sabato iliyofuata alisimama kanisani akasema yote, hata la kumwogesha mtoto humo, na akina mama wawili wakaniambia baadaye kwamba wao pia walikuwa wanawaomba waume zao sanduku kama letu. Sasa liko nje ukutani. Fundi alitoka Kisii, akaongeza bomba la moshi, akawasha, moto ukawa wa buluu. Maji yanafika bafuni yamepoa kidogo lakini kichwa hakiniumi.

"Baba mkwe aliulizwa akasema anataka mbuzi. Mchungaji hakuja ila alimtuma mzee wa kanisa, akaomba na akala. Obwocha naye alikula. Usiku ule baba mkwe alirudi kulala mtoni, nikadhani basi, imeshindikana. Nikaendelea kupeleka chakula mlangoni kama ulivyosema, nacho kikaendelea kurudi. Jana nilipoweka sufuria ya ndizi nikamwambia mama, 'Mwambie baba kwamba niko hai, na Nyangate ana mama.' Sikujua kama yumo. Mama akaingia na sufuria, nami nikakawia kidogo uani; nilipogeuka kuondoka, ndipo nikasikia sauti ya baba mkwe kutoka ndani, anamwambia Gesare, 'Mwambie mama Nyangate leo ndizi zimeiva vizuri.'

"Gesare akatoka mlangoni akaniambia, neno kwa neno, ingawa nilikuwa nimesikia."