Meli Yako Niliyoitupa Jaani

Baba Salma,

Huna haya! Mwaka mzima na ushei umelala huko makaburini, hata ndotoni hujanipitia. Au khabari ya nilichofanya imekufika, ndiyo umeninunia?

Basi nnakiri mwenyewe. Nilipohama Matrah kuja kwa Salma huku Bawshar, nilifunga magazeti yako ya zamani, yakenda jaani. Daftari lako la ile manowari ya Kimarekani limo humohumo. Mie sikusoma, karatasi zote kwangu sura moja. Miaka kumi na moja unaandika, mume wangu... Nililia mpaka Salma akataka kunipeleka hospitali.

Siku moja mjukuu wako Zuwena akanambia, "Bibi, si alikuwa akikusomea kila alasiri? Hebu sema." Nikasema. Toba! Ikatoka yenyewe. Ilivyoundwa, mizinga yake, vita vya huko Cuba na Mhispania ilipombeba mkuu wa manowari zote. Hata boila za mvuke zilizobadilishwa, maana fundi weye ulikuwa huachi boila. Kwanza New York, halafu Saratoga, mwisho Rochester. Hapo ukiweka kikombe chini: "Majina matatu, chuma kile kile." Nami nakujibu, "Kama sisi. Unguja wakituita Wamanga, hapa wanatuita Wazinjibari." Ukicheka mpaka kahawa inamwagika kwenye kanzu, na mfuaji ni mie.

Zuwena anachapa kwenye simu. Na barua hii mie nnasema, yeye anaandika. Jana tumefika Wamarekani walipoizamisha wenyewe kule Ufilipino, isitekwe na Mjapani. Ulipokuwa ukisoma hapo sauti ikikatika, ukajitia kukohoa. Nilikuona.

Kitabu kitakwisha, inshallah. Nnakuahidi: jina lako juu, langu chini yake, maana na mie nimetoka jasho. Na Zuwena ameshaanza kunifundisha herufi, nisije nikatupa na hichi.

Limebaki pengo moja tu. Usighadhibike. Ile miaka ya meli huko Uchina ulipokuwa ukinisomea, mie nilikuwa nimelala. Nikiitikia "enhe, enhe" na macho nimefumba.

Haya, pumzika, roho yangu. Mungu akupanulie ulipo. Ukija ndotoni, mahaba yangoje. Anza na Uchina, tena kaa upande wa kulia. Sikio la kushoto halisikii.