Baba Esha, Pistoni Zako Zimerudi

Mwaka umetimia, Baba Esha, tangu utuache njiani pale Muhuta, mwezi wa sita wa 1972. Hitima imesomwa, wali umeliwa, na waliokuja kwa ajili ya wali kuliko dua nimewaona. Mimi Mwanvua, mke wako, ndiye ninayeandika tangazo hili la gazeti kwa niaba ya nyumba nzima, maana wote wanajua sijui kunyamaza.

Mafundi wa magari Rumonge walikuwa wachache, na mwenye mashaka kama wewe, Radjabu, hakuwepo. Msikitini viatu vyako uliviweka mbele yako, si mlangoni pamoja na vya wenzako. Spana moja ikipotea, garaji nzima ilisimama mpaka ionekane. Lakini baiskeli ya mvuvi uliitengeneza ukalipwa ndagala, dagaa wa ziwa letu, na asiyekuwa na ndagala alikuambia "murakoze", asante, akaenda zake. Hiyo murakoze tulilala nayo njaa mara nyingi, na hukubadilika.

Watoto wa siku hizi wanaliona gari lako jeusi uani, hawajui lilivyofufuka. Mzungu wa mawese kule Kigwena aliliendesha bila oili mpaka injini ikapasuka, akakuachia. Wewe ukataka litembee siku ya Uhuru, 1962. Pistoni mbili kati ya nne zilikuwa zimevunjika, pamoja na mabiele yake, vile vyuma virefu vinavyozishika. Rafiki yako Cirhuza, Mshi wa Bukavu, Kongo, aliyekuwa akifanya kazi nawe, alivuka ziwa kwenda Uvira kutafuta nyingine. Akarudi na za gari la aina nyingine kabisa: upana sawa, uzito mbalimbali.

Nilisema papo hapo, "Huyu ameuza nzuri, ametuletea takataka."

"Mchagua jembe si mkulima," ukanijibu, ukaondoka na mizani yangu ya kuuzia sukari. Uliweka pistoni huku na pistoni huku, ukanieleza kwamba moja ikizizidi nyingine uzito, injini itajitikisa mpaka ijivunje. Iliyozidi uliipiga tupa kwa ndani, ukapima, ukapiga tena, mpaka zote nne zikalingana. Mabiele nayo hivyohivyo. Siku zile sukari yangu ilinuka garaji, na jirani Biasha akaanza kusema mizani imechezewa.

Siku ya Uhuru gari lilitetemeka kama mtu mwenye homa, lakini lilitembea, limejaa bibi zetu wakipiga vigelegele mpaka Kizuka. Usukani hukumwachia mtu.

Kisha ikaja Aprili ya mwaka jana. Mengi sitayasema hapa, gazeti lina masikio. Watu wenye bunduki walikuwa wakichukua magari. Gari likichukuliwa, mwenye kuliendesha alikwenda nalo, na waliokwenda hatukuwaona tena. Siku moja nilirudi kutoka sokoni nikakuta injini iko wazi. Pistoni hakuna, mabiele hakuna, Cirhuza hayupo. Nilipiga kelele mpaka mtaa ukajaa.

Kabla ya adhuhuri wale wenye bunduki wakaingia uani. Nikawaonyesha mimi mwenyewe: "Angalieni! Yule Mushi ametuiba! Amevuka nazo Uvira, Mungu amuzamishe!" Mmoja wao akacheka. Wakatoka, wakakuacha umekaa juu ya ndoo yako.

Na wewe, mtu wa kusimamisha garaji kwa spana moja, ulisema tu, "Mwache, Mama Esha." Siku hiyo ndiyo nilipaswa kukushuku.

Juni homa ikakushika. Gari la kukupeleka hospitali Bujumbura lilikuwa uani, halina roho. Wanaume walikubeba mabegani kwa ingobyi, machela yetu ya kienyeji, kama wagonjwa wa zamani. Njia nzima nilimlaani Cirhuza karibu na sikio lako. Ulinishika mkono tu, na pale Muhuta pumzi ikaisha.

Wiki iliyopita Cirhuza alirudi. Alitua gunia mlangoni.

"Amahoro, Mama Esha. Hizi vitu ni za muzee."

"Muzee gani? Yule uliyemuua?"

Akakaa chini kwenye vumbi. "Ni yeye mwenyewe alinituma. Alisema, 'Toa pistoni yote, vuka nayo. Gari bila moteri iko chuma tu, na mimi nitakuwa muzee tu.'"

"Na mimi, mke wake, kwa nini hakuniambia?"

"Alisema, 'Mama Esha hajui kudanganya. Wakimuuliza, uso yake itasema yote. Umuache alie ya kweli.'"

Sikumwamini. Maneno ya marehemu hayana shahidi. Nilileta mizani nikapima pistoni moja baada ya nyingine, zikalingana. Zilikuwa zako, zimepakwa mafuta, kila moja imefungwa kitambaa chake, na mwizi hatunzi hivyo. Mashaka yangu yakamtoka yeye, yakaja kwako.

Naelewa kwa nini ulinificha asubuhi ile. Hasira yangu ya kweli ndiyo iliyowatoa uani, na wiki zile ulizobaki nasi nazishukuru. Lakini kwenye ingobyi, Baba Esha, hakukuwa na bunduki. Ungeninong'oneza. Au uliogopa nitajua kwamba ni wewe uliyeliua gari ambalo lingekupeleka hospitali? Uliona heri nimlaumu yeye kuliko nikulaumu wewe? Nimekukasirikia sana, na nimekukosa sana, na sijui nianze na lipi.

Wanaokukumbuka ni mimi Mwanvua, binti yako Esha na mumewe Abdulhamid, dada yako Mariyamu, jirani Biasha, ambaye mpaka leo anakodolea macho mizani yangu, na Cirhuza. Esha amenuna kuona jina hilo hapa. Nimeliacha palepale.

Tutakukumbuka siku zote, Baba Esha. Na siku tutakayokutana, salamu zitangoja. Kwanza utanijibu.