Mtoto Asiyegeuka

Kyumbi,
Machakos.
14 Januari, 2025

Mpendwa ndugu yangu Ndunda,

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na mkeo Linet, na kwamba baridi ya Kanada haijawamaliza. Mimi ni mzima. Mahindi yalikauka yakiwa yananifika magotini, lakini kunde tumepata madebe mawili. Habari za Mama nitakueleza. Nimeandika kwa karatasi kwa sababu simu unajua kuikata.

Asante kwa picha za Krismasi. Ule mti wenu ni mrefu kuliko mlango wetu, na mtoto amependeza na sweta yake nyekundu. Wewe umenenepa. Watu wa kanisa walisema ni baraka, mimi nikasema ni mkate.

Sasa tuje kwa siku yenyewe ya Krismasi. Mama alikaa nje na simu mapajani saa nzima kabla hujapiga ile simu ya video, amevaa gauni la kanisani. Unajua kwetu mtoto aliyepewa jina la nyanya ndiye nyanya mwenyewe. Tangu ulipotuambia umemwita Mutheu kama yeye, Mama amekuwa akiwatangazia wanawake wa soko kwamba yeye yuko Kanada, ana miaka miwili, na anakanyaga theluji kwa buti. Sijawahi kumwona na furaha kama hiyo tangu Baba afe.

Basi akaita. "Mutheu. Mutheu wa Mama." Aliita mara kumi na moja, nilihesabu. Mtoto alikuwa ametugeuzia mgongo, anasukuma kigari chini ya mti. Wewe ukasema anacheza. Mama akanipa simu, akaingia ndani kufuta macho, na hapo ndipo Linet alipoita kutoka jikoni, "Skyler." Mtoto akageuka papo hapo. Uliniona nimeona. Ukasema netiweki ni mbaya.

Skyler. Hilo ni jina la mtungi wa gesi. Nilipokuuliza kwa ujumbe ulinijibu kwamba Mutheu ni jina la nyumbani. Nyumbani kwa nani, Ndunda, na mtoto hajafika hapa hata siku moja? Miaka miwili umemdanganya mwanamke ambaye hakuwahi kukuchapa bila kulia yeye mwenyewe.

Lakini bado hujui ulichofanya. Mama alipotoka ndani alikuwa ameshaamua. "Huyu mtoto hasikii," akaniambia. "Ndunda ananificha. Mutheu ni kiziwi." Nikanyamaza. Hilo ni kosa langu na nalikubali, nimezoea kukufichia tangu utotoni. Jumapili iliyofuata kanisa zima lilikuwa linamwombea binti yako masikio. Mzee wa kanisa, Musembi, aliipaka picha yake mafuta. Mwaka Mpya Mama akaanza kufunga, yeye na ugonjwa wake wa sukari, bila kuniambia. Chakula nilichompakulia alikuwa anawamwagia kuku.

Siku ya tano alianguka kando ya tangi la maji. Mimi na mwanangu Kyalo tulimpeleka hospitali. Daktari akamwambia lazima ale. Akamjibu, "Nikikula, nani ataombea mtoto?" Akafunga mdomo, nami nikaona atakufa kwa sababu ya uongo wako.

Kwa hivyo nilimwambia. Nilimwambia yote na sikukutetea. Nilitaka akasirike, hasira imlishe. Akaomba uji, akamaliza kikombe kizima. Akaniuliza tena hilo jina. Alijaribu kulitamka mara tatu likamshinda. Akasema Mungu ashukuriwe, mtoto anasikia, akageukia ukuta.

Juzi Jumapili alisimama kanisani akashuhudia kwamba mjukuu wake amefunguliwa masikio. Watu walipiga makofi, Musembi akarukaruka. Mama hakuwa amewahi kusema uongo mbele ya madhabahu. Huo aliusema kwa ajili yako, ili watu wasikucheke. Mimi pia nilipiga makofi, na nilikuchukia mpaka viganja vikauma.

Usimpigie kumwomba msamaha. Atakusamehe kabla hujamaliza kusema, nawe utalala vizuri, na mimi sitaki ulale vizuri.

Shangazi Syokimau anakusalimu. Kyalo anauliza kama vile viatu ulivyoahidi mwaka juzi vinakuja kwa miguu. Msalimie Linet, yeye simlaumu, alifuata tu ulichomwambia.

Nilimwuliza Mama kama ana neno la kukutumia. Akasema niandike: Mungu akubariki, wewe na Linet. Nikangoja na kalamu mkononi aongeze jina la tatu. Akasema hapo panatosha, nifunge bahasha.

Dada yako, anayekupenda kwa shida,

Nthambi