Nusu Saa ya Papa

Goma, tarehe 9 Novemba 2023. Usiku wa ukungu. Mvua ya jana imekatika.

Yaya Luc, kaka yangu,

Habari za Butembo? Papa anatembea nusu saa kila siku, kutoka hapa Himbi kuelekea Keshero na kurudi, kama daktari alivyoagiza. Presha imeshuka, miguu haivimbi tena. Ratiba nilimpangia mimi: saa kumi na mbili na nusu asubuhi, njia ileile, bila kukosa.

Jana mvua ilimzuia. Mwanaume wa pikipiki nisiyemjua akaja langoni.

“Mama, leo muzee hatembei?”

“Iko mugonjwa,” nikadanganya.

“Basi apone mbio. Tumeshamuzoea.”

Mwezi uliopita jirani yetu Édouard alitekwa akitoka misa ya asubuhi. Hajarudi.

Nilimsihi Papa afanye mazoezi uani. Akacheka: “Kahambu, huu uwanja ni wa kuku. Unataka presha ipande tena?”

Leo alitoka saa yake. Pikipiki ile ya jana ilimfuata polepole mpaka langoni.

Yaya, njoo umchukue. Wewe anakusikiliza. Siwezi kukupigia simu, Papa yuko karibu, atasikia.

Ninaingia kulala saa tano na dakika kumi usiku. Viatu vyake vya kesho ameshaviweka mlangoni.

Mdogo wako,
Kahambu