Maji ya Mabibo Hayachemshwi

Jumamosi, Nachingwea. Jua limewaka tangu asubuhi kama lina kisasi na mabati yetu, na mvua bado inatutania. Sijali. Leo hata ingenyesha mawe ningetembea kifua mbele.

Nimefaulu jaribio la Biolojia. Mimi, Mama Hawa, mwenye miaka thelathini na sita, niliyeacha shule kidato cha pili nikiwa na Hawa tumboni.

Ngoja nianze mwanzo, maana furaha inanivuruga.

Nasoma darasa la watu wazima kila Jumamosi ili nifanye mtihani wa kidato cha nne. Nataka uuguzi, na uuguzi bila Biolojia hakuna. Majaribio mawili ya kwanza niliyaharibu. Mwalimu wetu, kijana wa Bukoba anayelingana na mdogo wangu wa mwisho, akaniambia kwa adabu zote kwamba nikiharibu na la tatu, heri niliache somo hilo. La tatu ndilo hili: kila mmoja aonyeshe, kwa kitu cha nyumbani kwao, jinsi seli za viumbe hai zinavyopata nguvu kutoka kwenye chakula, kwa oksijeni au bila oksijeni.

Nilijua papo hapo nitaonyesha nini. Hapo ndipo paliponiuma.

Mama yangu yuko Likunja, kule Ruangwa. Kila msimu wa korosho anakamua mabibo, yale matunda ya mkorosho, anaacha maji yake yachache, anauza uraka. Ndiyo pombe iliyotulea. Ada, madaftari, sare, vyote vilitoka kwenye mabibo. Shuleni waliniita "mtoto wa uraka", nikaapa kwamba nikikua hakuna atakayejua. Nikaolewa huku Nachingwea, nikawa mtu wa swala tano, na kweli hakuna aliyejua.

Jumatano nikapanda gari hadi Likunja. Nikamwambia Mama nataka mabibo ya juisi ya watoto. Akanijazia ndoo bila swali. Nikaifunika kwa kanga na kurudi nayo kama mwizi.

Alhamisi nikakamua, nikachuja, halafu nikafanya ujinga wangu. Nilijiambia nikiyachemsha maji haya hayatakuwa pombe, na hakuna atakayesema Mama Hawa kaleta uraka darasani. Basi nikayabandika jikoni yakatokota. Yalipopoa nikayatia kwenye chupa na kuvisha puto mdomoni. Kazi ya puto ilikuwa kujaa gesi.

Ijumaa asubuhi puto limelala kama soksi.

Nililia, sioni haya kuandika. Kisha nikampigia Mama.

"Mama, mbona maji ya mabibo hayachachi?"

Nikang'amua kwamba nimejifunga mwenyewe, maana juisi ya watoto nani anataka ichache?

"Umeyachemsha?" akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Basi umeyaua, mwanangu. Maji ya mabibo hayachemshwi. Yamebaki mabibo?"

"Yamebaki, ila yameanza kunuka."

"Ndiyo mazuri hayo. Usiyaoshe. Kamua, uyaache yenyewe."

Nikakamua yaliyobaki, nikatia chupa ya pili, nikaivisha puto lake. Jioni vipovu vikaanza kupanda. Leo asubuhi puto limesimama wima, limejaa, linanitazama.

Chupa ya kwanza nilitaka kuimwaga. Nikaiacha, nadhani kwa ubahili tu wa puto. Nikaenda darasani na zote mbili.

Nilianza kwa Kiingereza, sentensi ya tatu ikaninasa. Mwalimu akasema, "Mama Hawa, tueleze kwanza kwa Kiswahili."

Hapo nikafunguka! Nikawaambia kwenye ganda la bibo kuna hamira ya asili, kiumbe hai kidogo kisichoonekana kwa macho, nacho kinakula sukari. Kikipata oksijeni huivunja sukari mpaka mwisho, kinapata nguvu nyingi, na mabaki yake ni maji na gesi ya kaboni dioksidi. Kikikosa oksijeni, kama humu chupani, huivunja nusunusu. Nguvu inayopatikana ni kidogo, na mabaki ni gesi ile ile pamoja na pombe. Hata sisi tukikimbilia gari, oksijeni isipoitosha misuli nayo huvunja sukari bila oksijeni, ila yenyewe hutoa asidi. Ingekuwa pombe, wanariadha wote wangerudi nyumbani wanayumba.

Walicheka. Nikaendelea: chupa hii niliichemsha, hamira ikafa, na kilichokufa hakipumui.

Mwalimu akainua chupa ya puto lililolala. Akasema hiyo ndiyo inayothibitisha kwamba puto la pili limejazwa na kitu kilicho hai, na bila chupa ya kulinganishia, jaribio lisingekamilika. Kumbe kosa langu lilikuwa nusu ya alama zangu.

"Umejifunza wapi haya?"

Nilikuwa nimeandaa jibu la kusema kitabuni.

"Kwa mama yangu. Anauza uraka Likunja."

Kisha Baba Zuhura, mkulima wa Chiola anayekaa nyuma, akaangua kicheko: "Mwalimu, humu ndani nusu yetu tumesomeshwa na huo huo uraka!" Wakapiga makofi.

Nimempigia Mama jioni hii kumwomba radhi. "Mama, nilikudanganya. Hayakuwa ya juisi ya watoto."

"Nilijua. Mabibo ya watoto hayafunikwi kanga."

Nikamweleza nilichojibu darasani. Kisha nikamsikia akiwaambia wateja wake, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Huyu ni mwanangu. Anasomea uuguzi."

Mwalimu ameomba nirudie jaribio mbele ya darasa lingine. Jumatano nakwenda tena Likunja kuchukua mabibo.

Ndoo sitaifunika.